Vipepeo na Mimea ya Mwiki: Faida ya Daftari la Matembezi

Watu wengi hudhani ya kwamba elimu ya viumbe ni kazi ya wataalamu waendao mbali, katika mbuga za Maasai Mara au msitu wa Kakamega, wakiwa na magari na mahema. Dhana hiyo si ya kweli. Mtu akaaye Mwiki, upande wa Ruiru, aweza kufanya kazi ya elimu yenye faida kubwa kwa kutembea saa moja tu kutoka mlangoni pake, akiwa na daftari, kalamu, na macho yaliyo tayari kuona.

Mwiki ipo mahali panapostahili kuangaliwa. Upande wa magharibi na kaskazini ni nchi ya udongo mwekundu, nchi ya kahawa, ambayo sifa yake yajulikana hata ng'ambo. Na aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipewa jina la mji huo kwa kuwa kituo cha utafiti wa kahawa kipo hapo. Kwa kadiri mtu aendavyo mashariki, udongo mweusi unaonata huzidi, na nchi huwa tambarare kuelekea Mto Athi. Basi mimea ya nchi ya juu na mimea ya nchi kavu hukaribiana hapa, na kila mmea una wadudu wake.

Lakini nchi hiyo inabadilika upesi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 490,120. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, safari ya kwenda kazini Nairobi ilikuwa nyepesi zaidi, na mashamba mengi yakakatwa viwanja. Mahali palipoota majani na vichaka mwaka jana, leo pana nyumba ya ghorofa. Hapana lawama katika jambo hilo, maana watu hawana budi kupata mahali pa kulala. Hasara ni kwamba vilivyoishi katika kiwanja kile vimeondoka, wala hapana mtu aliyeandika kuwa vilikuwako. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkulima aweza kuuliza: kipepeo na gugu vitamletea chakula gani? Jibu halipo mbali. Kasarani, mwendo mfupi kutoka Mwiki, ndipo yalipo makao makuu ya taasisi ya utafiti wa wadudu iitwayo ICIPE, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya. Wataalamu wa taasisi hiyo walipotaka kuwazuia nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mahindi, hawakuanza na dawa ya sumu. Walianza kwa kuchunguza majani mengi ya mwituni, wapate kujua ni yapi nondo huyapenda na ni yapi huyakimbia. Kutokana na kazi hiyo wakulima walifundishwa kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, ili harufu yake iwafukuze nondo, na kupanda majani ya nepia kando ya shamba ili yawavute. Tena desmodiamu huzuia gugu baya la striga, na ng'ombe huila. Faida hiyo yote ilitokana na kutazama kwa uangalifu majani ambayo watu huyapita bila kuyajali.

Hali kadhalika, aina mpya ya viwavijeshi kutoka Amerika ilipoonekana barani Afrika mwaka 2016, na kuingia Kenya mwaka 2017, ilishambulia mahindi kwa nguvu nyingi. Mtu aliyezoea kuwatazama viwavi wa kwao ndiye awezaye kutambua upesi ya kuwa mgeni amefika, akampasha habari bwana shamba kabla shamba halijaliwa.

Kazi hii yafaa ianze kwa vipepeo walio rahisi kutambulikana. Wa kwanza ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, aitwaye na wataalamu Papilio demodocus. Mwenye mti wa mlimau au mchungwa hana haja ya kumtafuta, kwani jike hutaga mayai juu ya majani yake. Kiwavi akiwa mdogo hufanana na mavi ya ndege, na kwa hila hiyo ndege humwacha. Akiwa mkubwa huwa kijani, na akiguswa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Watoto wa shule wakiandika kila siku mambo wayaonayo juu ya kiwavi mmoja, tangu yai mpaka kipepeo, watajifunza mengi kuliko kwa kusoma kitabu peke yake.

Wa pili ana habari ya ajabu, na habari hiyo yahusu hasa nchi ya jirani na Nairobi. Huyu ni yule kipepeo wa rangi ya chungwa arukaye polepole bila hofu, aitwaye Danaus chrysippus. Haogopi kwa sababu kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, kama ule ambao matunda yake huvimba mithili ya puto, na sumu ya utomvu huo hubaki mwilini mwake hata akiwa kipepeo. Ndege akimla mara moja harudii. Wengine wa aina hii wana ncha nyeusi katika bawa la mbele, na ndani yake mna ukanda mweupe. Wengine, ambao ni wengi zaidi kuelekea nchi kavu ya mashariki, hawana ncha hiyo. Aina hizo hukutana na kuzaana katika nchi ya Nairobi na jirani zake.

Wataalamu walipowahesabu waligundua ya kwamba mahali hapo, kwa nyakati nyingi, karibu vipepeo wote ni majike. Sababu ni vijidudu vidogo sana viitwavyo Spiroplasma, ambavyo hukaa mwilini mwa mama na kuwaua watoto wa kiume wangali wachanga mno. Majike hubaki. Kama wasingekuja madume kutoka nchi nyingine, hasa nyakati za mvua vipepeo wahamapo, majike wangekosa waume na ukoo ungeisha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha tena ya kuwa ugonjwa huo umefungamana na urithi wa rangi ya mabawa.

Hapa ndipo daftari la mtu wa Mwiki linapokuwa na thamani. Dume na jike hutambulikana bila darubini. Katikati ya bawa la nyuma dume ana madoa meusi manne, na moja kati yake lina kitone cheupe. Jike ana matatu tu. Basi mtu awezaye kuhesabu mpaka nne aweza kuandika kila juma idadi ya madume na majike aliowaona, pamoja na rangi zao. Akifanya hivyo kwa miaka mitatu, atakuwa na habari ambayo mtaalamu hawezi kuipata kwa safari ya siku moja. Lakini na aangalie asidanganyike. Yupo kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike wake huiga sura ile ile ili ndege wamwogope, ingawa hana sumu. Naye katika bawa la nyuma ana doa moja tu jeusi.

Wa tatu ni vipepeo weupe wenye mishipa ya rangi ya kahawia, Belenois aurota. Miaka mingine hupita kwa maelfu, wote wakielekea upande mmoja kana kwamba wameitwa. Atakayeandika tarehe, saa, na upande waelekeao, ameandika jambo la maana.

Mimea nayo isisahauliwe, maana kipepeo bila mmea hana nyumba. Mingi haihitaji mwalimu kutoka mbali, kwa kuwa wazee wanaijua kwa majina. Kishona nguo, ambacho Wakikuyu hukiita mũcege, hupendwa na vipepeo wengi wanyonyao utamu wa maua. Mũkengeria wenye maua ya buluu hufunika mashamba baada ya mvua. Mũtongu wenye miiba na matunda ya manjano huota penye malisho yaliyochoka. Mnavu na mchicha ni mboga na pia ni makao ya wadudu. Jina la Kikikuyu, la Kikamba au la Kiswahili liandikwe daftarini kwanza, pamoja na matumizi ambayo mzee ameyaeleza. Jina la kitaalamu laweza kufuata baadaye. Jina la kienyeji likipotea ni vigumu kulirudisha, kwa kuwa mwenye kulijua amekwisha kuzikwa.

Na wageni waandikwe pia. Gugu liitwalo Parthenium, lenye majani yafananayo na ya karoti na maua madogo meupe, lilitoka Amerika. Huwasha ngozi ya mtu, huharibu ladha ya maziwa ya ng'ombe walilao, na huenea upesi kando ya barabara na penye majengo mapya. Kuandika mahali lilipoonekana mara ya kwanza ni sawa na kupiga mbiu kabla moto haujafika nyumbani.

Sasa namna ya kufanya kazi. Uingereza, tangu mwaka 1976, watu wa kawaida hutembea kila juma katika njia zile zile wakihesabu vipepeo, nao kwa hesabu hizo wamejua ni aina gani zinazopungua. Kanuni yao ni rahisi na yafaa Mwiki pia. Njia iwe ile ile sikuzote, wala isiwe ndefu. Kilomita moja yatosha. Mwendo uwe wa polepole ulio sawa. Wahesabiwe wale tu walio karibu, yaani mita mbili na nusu kila upande na mita tano mbele. Siku iwe ya jua, isiyo na upepo mkali, maana kipepeo mwenye baridi haruki. Yaandikwe haya: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, aina, idadi, na ua alilotua. Neno “wengi” lisiandikwe; iandikwe tarakimu. Na siku ambayo hakuonekana hata mmoja iandikwe hivyo hivyo, kwa kuwa sifuri nayo ni habari.

Karani afanyaye kazi Nairobi siku sita aweza kuitoa Jumapili alasiri kwa kazi hii. Mkulima aweza kuifanya aendapo kutazama ng'ombe wake. Asiingie katika kiwanja cha mtu pasipo ruhusa, na akiulizwa aeleze kwa heshima na kuonyesha daftari lake, kwa sababu mtu asimamaye kando ya ua wa jirani akiandika huweza kudhaniwa kuwa ametumwa kupima ardhi. Hapana haja ya kuua vipepeo; picha ya simu yatosha, na kukusanya viumbe kwa utafiti huhitaji kibali. Tawi dogo la mmea wa kawaida aliokubaliwa kulichuma laweza kukaushwa kati ya kurasa za gazeti kuukuu, chini ya mawe mazito, nayo kurasa zibadilishwe kila siku mpaka likauke.

Akitaka msaada wa majina, njia zipo. Chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909 kingali hai, na sasa huitwa Nature Kenya. Hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoanza Amani katika Tanganyika mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, imo katika Makumbusho ya Taifa. Kitabu cha Torben Larsen juu ya vipepeo wa Kenya, kilichotolewa mwaka 1991, kinaeleza habari za aina karibu 900. Na mwenye simu aweza kutuma picha zake katika programu ya iNaturalist, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, ambamo wataalamu na wapenzi wa viumbe wa nchi nyingi husaidiana kutambua majina.

Hapo zamani majina mengi yaliyoandikwa chini ya vielelezo yalikuwa ya Wazungu, ingawa aghalabu Waafrika ndio waliojua mahali kipepeo apatikanapo na mmea autagiapo. T. H. E. Jackson, aliyeishi karibu na Kitale hata alipofariki mwaka 1968, aliwafunza vijana wa Kiafrika kazi ya kukusanya na kulea vipepeo, nao walifanya kazi kubwa. Siku hizi hapana sababu ya mwenyeji kuwa msaidizi asiyetajwa. Daftari ni lake, njia ni yake, na jina litakaloandikwa chini ya habari ni lake.

Mvua zikianza, viwanja vilivyobaki Mwiki vitajaa maua kwa majuma machache. Vingine havitaota maua tena mwaka ujao, kwa kuwa mawe ya msingi yamekwisha kushushwa. Mwenye kutaka kuandika yaliyomo na asingoje.