Taa za Rivasi za Kujitengenezea
Katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, gari la samaki lirudipo nyuma gizani, taa ndogo ya kiwandani haimtoshi dereva kuwaona wachukuzi. Fundi anayefunga taa mbili zaidi kwenye bampa hastahili lawama. Kosa ni kuziunga kwenye waya uleule wa zamani. Balbu mbili za wati 21 kwa volti 12 huvuta ampea 3.5, za wati 55 huvuta zaidi ya 9. Joto la waya hufuata mraba wa mkondo, hivyo huongezeka karibu mara 7. Hesabu hiyo yafaa ifanywe na wanafunzi kando ya gari lenyewe, si ubaoni peke yake. Waya mnene utoke kwenye betri kupitia fyuzi na rilei. Ule wa zamani uiamshe rilei tu. Fyuzi ikae karibu na betri: ikiwekwa nyuma kwenye bampa, waya wote uliotangulia hauna mlinzi.