Ushuru wapanda Manispaa, kipi kinashuka mtaani?

KISHERIA, ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Lakini mkulima wa Ufipa anayeuza mahindi au maharage anajua kuwa mnunuzi huufidia kwa kupunguza bei shambani. Mlipaji wa kweli, basi, ni mwenye jembe. Ndiyo maana ana haki ya kuuliza fedha hiyo inakwenda wapi.

Mkoa wa Rukwa hauna mamlaka ya kutoza kodi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliufanya kuwa mshauri na msimamizi. Wakusanyaji ni halmashauri, kwa nguvu ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982.

Kikapu chao kimekuwa kikipungua. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi isiyozidi asilimia 3.

Katika jimbo la British Columbia, Kanada, mamlaka ya kanda huzipelekea manispaa wanachama hesabu ya gharama, nazo hulazimika kulipa kabla ya tarehe maalumu. Kwetu fedha husafiri kinyume: halmashauri hukusanya, kisha ngazi ya chini husubiri mgawo.

Hapo ndipo penye tatizo. Asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliwekwa katika sheria mwaka 2018. Asilimia 20 inayopaswa kurejeshwa vijijini imesimama zaidi juu ya miongozo, na ripoti za CAG zimetaja mara kwa mara halmashauri zisizoirejesha.

Kata ya mjini kama Katandala iko pabaya zaidi. Kijiji kina halmashauri yake na uwezo wa kutunga sheria ndogo, mtaa hauna. Mtaro ukiziba au darasa likikosa madawati, mwenyekiti wa mtaa hubakiwa na njia moja: kupitisha daftari la michango. Mwananchi yule yule hulipa mara ya pili.

Dawa si kuongeza tozo. Mgawo wa ngazi ya chini, mitaa ikiwemo, uwekwe katika sheria pamoja na tarehe ya kulipwa, na kiasi kibandikwe kwenye mbao za matangazo. Anayedaiwa ushuru hupewa siku ya mwisho. Anayeukusanya naye apewe yake.