Rangi Chini ya Kivuli

Viwanja vya Kabalagala, kando ya barabara iendayo Ggaba, vingi ni vyembamba. Ukuta wa jirani huziba jua la jioni, na pale palipobaki nafasi huenda pana mwembe au mparachichi uliokwisha kutanda matawi. Apandaye waridi chini ya mti wa namna hiyo hujichosha bure. Penye kivuli yafaa utafutwe mmea ambao uzuri wake umo katika majani yenyewe, na hapo kaladiumu yashika nafasi ya mbele.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Majani yake yana umbo la moyo: mengine meupe yenye mishipa ya kijani, mengine mekundu katikati, mengine yenye madoa ya waridi. Huota kutokana na kiazi, nacho huishi ardhini mwaka hata mwaka.

Mpandaji na asubiri mvua za Machi au za Septemba. Udongo mwekundu wenye changarawe hautoshi peke yake. Uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, tena maji yasituame, kwa maana kiazi huoza upesi. Kila kiazi kifukiwe kina cha sentimita 5 hivi, jicho likitazama juu, na baina ya kimoja na kingine iachwe nafasi ya sentimita 30. Jua la asubuhi hadi saa nne halidhuru. La mchana hubabua majani. Kivuli kizito mno nacho si rafiki, kwani vikonyo hurefuka na kulala, na rangi hufifia.

Ukija ukame majani hunyauka moja moja mpaka pakawa patupu. Hapo ndipo wengi hung'oa na kutupa kitu kilicho hai, hasara isiyo na sababu. Mmea haukufa, umelala. Upunguziwe maji, pachomekwe kijiti cha alama, na mvua zikirudi utachipua. Kwa jamaa za askari usingizi huo una faida: amri ya uhamisho ikifika, viazi hufukuliwa, hukaushwa kivulini siku kadhaa, hufungwa kwa gazeti ndani ya boksi, na kusafiri hadi kituo kipya. Boksi hilo lisichanganywe kamwe na vyakula.

Sababu ni kwamba kaladiumu, kiazi na jani, ina chembe kali mfano wa sindano, zichomazo mdomo na koo na kuuvimbisha ulimi. Jani lake lafanana mno na la magimbi, ambayo Waganda huyaita mayuni, na watoto wachezao kupikapika hawatofautishi. Mtoto aliyetafuna afutwe mdomo, asukutue, anywe maji au maziwa baridi kidogo kidogo, wala asilazimishwe kutapika. Akivimba, akitokwa na udenda au akihema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha jani kichukuliwe daktari akione. Utomvu huwasha ngozi pia. Aliyeshika mmea na anawe mikono kabla ya kugusa macho.

Nyumba yenye mtoto atambaaye heri ianze na koliasi, ambayo haina chembe hizo. Nayo hustahimili kivuli, majani yake ni ya zambarau, manjano na damu ya mzee, na tawi lililokatwa chini ya fundo hutoa mizizi ndani ya gilasi ya maji kwa muda wa wiki mbili hivi. Kaladiumu itapandwa ndani ya debe na kuwekwa juu, mkono wa mtoto usipofika.