Kijana Unayeishi kwa Msimu, Usisaini Haraka Bima ya Kila Mwezi

Leo naacha kidogo habari za salfa na ubwiri unga. Juzi nikikagua mikorosho huku kwetu Nachingwea, kijana mmoja wa miaka 26 alinitolea fomu mfukoni.

"Bwana shamba, hebu niangalizie hii. Nisaini?"

Ilikuwa fomu ya bima ya maisha yote. Alipe shilingi 20,000 kila mwezi, na akifariki, iwe mwakani au akiwa mzee wa miaka 80, familia ipewe shilingi 8,000,000. Ana mke, mtoto mmoja, ekari tatu za mikorosho na mbili za ufuta.

Sipingi bima. Wapo wanaosema kukata bima ya maisha ni kujiitia kifo, lakini nimeona mikorosho ikiwekwa rehani mara tu matanga yanapoisha. Wakala naye alimwambia kweli moja: ukianza ukiwa kijana mwenye afya, ada huwa ndogo, na katika mikataba mingi ya aina hii haipandi hata ukizeeka au ukiugua.

Nilichomuuliza ni hiki: mwezi wa pili na wa tatu unazitoa wapi hizo 20,000? Alicheka. Sote tunajua pesa ya korosho inaingia baada ya minada ya mwisho wa mwaka, ya ufuta katikati ya mwaka. Januari kuna sare za shule, kisha palizi, na debe la mahindi limepanda bei.

Hapo ndipo hasara ilipo. Kwa kawaida kampuni hutoa muda mfupi wa kungoja ada iliyochelewa, mara nyingi siku 30, kisha mkataba unakatika. Na ukikatika ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, mikataba mingi hairudishi hata senti, kwa sababu fedha za mwanzo huenda kwenye kinga yenyewe, kamisheni ya wakala na gharama za kampuni. Mimi mwenyewe nilikatisha wangu wa kwanza mwezi wa 16, nilipohamishwa kituo. Sikupata kitu, na kosa lilikuwa langu, sikuwa nimesoma ukurasa wa tatu. Tena mimi nina mshahara!

Kwa hiyo, kama unautaka mkataba huo, omba kulipa mara moja kwa mwaka, Desemba, fedha za mnada zikishaingia benki. Kampuni nyingi zinakubali, na mara nyingine jumla inapungua kidogo. Kiasi nacho kipime kwa mwaka mbaya, ule ambao bei imeanguka au ubwiri umekula maua. Kama mwaka huo ungeweza kutoa 100,000 tu, usisaini ya 240,000.

Halafu tupige hesabu. Shilingi 240,000 kwa mwaka, kutoka miaka 26 hadi 61, ni shilingi 8,400,000. Amelipa kuliko hiyo milioni nane, isipokuwa mkataba uwe na bonasi. Na milioni nane ya wakati huo haitanunua bati zile zile: bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, zinakuwa mara mbili kila baada ya miaka 14 hivi. Akifa mapema familia imefaidika sana, ndiyo maana ya bima. Ila asidanganywe kwamba hii ni akiba ya uzeeni.

Maoni yangu, kijana wa namna hii aulize kwanza bima ya maisha ya muda maalumu, tuseme miaka 20, mpaka mtoto ajitegemee. Muda ukiisha yu hai, hapati kitu, na wengi hilo linawaudhi. Lakini kwa kinga ile ile ada yake ni ndogo zaidi, na kinachobaki anapanda miche ya korosho. Bima ya maisha yote naiona inamfaa mwenye mtu atakayemtegemea siku zote, mfano mtoto mwenye ulemavu usiomruhusu kujitegemea.

Uulize wakala mambo haya, na majibu yawe kwenye maandishi: nikisimama mwaka wa pili, wa tano, wa kumi, narudishiwa kiasi gani? Bonasi ni ahadi au ni makadirio? Una leseni ya TIRA? Fomu ya afya jaza mwenyewe na useme kweli. Ukificha presha, wajane ndio wanaokataliwa fidia. Mnufaika akiwa mtoto, andika na mtu mzima atakayempokelea. Na kama una mkopo wa benki wenye bima ndani yake, fahamu kwamba ile kazi yake ni kulipa deni, usiihesabu kuwa ya mkeo.

Kijana hakusaini. Fomu ameipeleka nyumbani akaisome na mkewe, na wakala ameambiwa arudi na bei ya miaka 20, malipo ya Desemba.