Mtuulize kabla, si baada ya mawe kurushwa

Wakaaji wa Mikelenge, na ninyi ndugu zetu mliokimbia vita, jambo la leo linatuhusu sote. Ugonjwa ukitokea, serikali yetu inaita kwanza waganga, watu wa maabara na watu wa chanjo. Ni vizuri. Lakini mwanasosiolojia na mwanaantropolojia, wale waliosomea namna watu wanavyoishi, wanavyozika na wanavyoaminiana, wanaitwa mwisho, raia wakisha kukataa. Hapo wanapewa kazi moja tu: kwenda kututuliza. Mimi nasema hiyo ni dharau kwa elimu yao, na ni dharau kwetu.

Tukumbuke Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Chanjo ilikuwepo. Hata hivyo mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 wakiwa wameugua na 2.287 wamekufa. Kwa nini muda huo wote? Vita ilichangia, ndiyo. Lakini tarehe 26 Desemba 2018 CENI iliwaambia watu wa Beni na Butembo kwamba hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Soko wazi, kanisa wazi, kura imefungwa! Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola cha Beni. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Aprili, Dokta Richard Mouzoko wa OMS akauawa Butembo. Hakuhitajika darubini kuona kwamba watu wataita Ebola siasa. Alihitajika mtu anayejua jamii, na kiongozi wa kumsikiliza.

Wapo waliouliza. Katika riposti hiyo kiliundwa kitengo cha uchambuzi wa sayansi ya jamii, CASS, kikifanya kazi pamoja na Wizara ya Afya. Kilihoji raia na wahudumu, kisha kikapeleka majibu kwa wakubwa wa riposti. Na pale kilio cha familia kiliposikika, ilianza kutumiwa mifuko inayoonyesha uso wa marehemu, ili watu wajue wanazika mtu wao. Jambo dogo, lakini lilipunguza uvumi.

Wengine watanijibu: mikrobe haingojei mkutano. Kweli. Lakini mgonjwa anayejificha nyumbani kwa woga ndiye anayeipa mikrobe nafasi.

Hapa Kindu tuna ya kwetu. Kipindupindu kikitajwa, mama anaambiwa anawe mikono kwa maji safi, naye anateka Lualaba. Mtaalamu akikaa siku mbili kando ya mto, mpango utaanza na maji, si na bango. Nawe uliyefika kutoka Shabunda kwa miguu, uliandikwa jina na hesabu ya watoto. Nani alikuuliza kwa nini umechagua kubanana kwa shangazi kuliko kulala kwenye darasa la shule?

Nchi hii ina Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Binadamu kule Kinshasa. Kindu ina chuo kikuu. Hatukosi watu, tunakosa kiti chao mezani. Serikali ya jimbo iwape kiti hicho kabla ya uamuzi, pamoja na haki ya kusema «mpango huu hautafaa». Waliokimbia vita wasikilizwe pia, maana wanajua yale ambayo ofisi haijui.

Na ninyi wataalamu, msijigeuze vipaza sauti vya wakubwa. Majibu yetu yaleteni redioni kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu, katika karatasi inayolala Kinshasa.

Msikilizaji, akija mtu na maswali kwenye parseli yako, mpe kiti, mjibu ukweli. Kisha nawe umuulize: majibu haya yanaenda kwa nani, na utarudi lini kutuambia?