Kienyeji ya Nani?

Juzi rafiki alinilipia tikiti ya tamasha la chakula na divai hapa Nairobi. Kwenye hema la "divai za kienyeji" nilikuta zabibu tupu: nyekundu, nyeupe, Leleshwa ya Bonde la Ufa. Watu wanazungusha glasi, wananusa, wanatema kwenye ndoo. Mimi mtoto wa Masalani sinywi, so nilishika maji yangu nikauliza: kienyeji ya nani?

Vuka Mto Tana kutoka kwetu. Wapokomo wamegema mkoma na mnazi tangu zamani. Mkoma haukuletwa na meli. Umejiotea tu ukingoni. Utomvu wake asubuhi ni mtamu, na kufikia jioni umechacha wenyewe, bila hamira ya dukani. Lakini mgema akionekana na dumu barabarani, huyo ni mhalifu. Linamwagwa, ama anatoa kitu kidogo.

Sheria ya 2010 iliruhusu hata chang'aa, bora uwe na leseni. Sawa, na leseni inampata nani? Mwenye kiwanda, chupa na wakili.

Na msiniambie eti ni afya. Dini yangu haibagui chupa na kibuyu, ndiyo maana naiona hii dhuluma vizuri: kwangu zote ni haramu, kwa serikali haramu ni ile ya maskini.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hajasifiwa hata siku moja.