Tusinyonye Betri Moja

Mkazi yeyote wa Dodoma anaifahamu sauti ya matangazo ya barabarani. Huanza kusikika ingali mbali, upande wa Majengo au Sabasaba, ikitangaza mkutano wa hadhara, bei mpya ya magodoro au mnada wa Msalato. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Land Rover yenye spika za honi juu ya paa. Siku hizi sehemu yake kubwa imeangukia mikononi mwa madereva wa bajaji. Bajaji nyingi za hapa bado zinatumia petroli, lakini za umeme zimeanza kuingia nchini, na pamoja nazo limeingia swali ambalo wengine wataliona dogo: umeme wa kupaza sauti hiyo utoke wapi?

Mimi silioni dogo. Katika bajaji ya umeme hakuna kifaa chenye thamani kama betri. Zikifa kabla ya wakati wake, mwenye chombo huwa amepoteza akiba ya miezi mingi, na hasara hiyo huweza kuletwa na nyaya mbili tu zilizofungwa mahali pasipostahili.

Miezi michache iliyopita nilimkuta kijana akisukuma bajaji yake kando ya barabara iendayo Chamwino. Alinieleza kuwa betri zake nne hazijatimiza mwaka, nazo hazimfikishi hata nusu ya safari aliyokuwa akiimudu mwanzoni. Aliyemuuzia alimwambia kuwa kosa ni la joto la Dodoma. Tulifungua kiti, tukazipima moja moja. Tatu zilionyesha volti 12.3 kila moja. Ya nne ilionyesha 10.8. Katika nguzo za hiyo ya nne, na hiyo peke yake, zilifungwa nyaya mbili nyembamba zilizokwenda kwenye amplifaya. Sikuona haja ya kuendelea kulishitaki joto.

Hebu tueleze jambo lenyewe. Bajaji ya namna hiyo hutumia volti 48, zinazopatikana kwa kuunga betri nne za volti 12 kwa mfululizo. Vigari vya umeme vya viwanja vya gofu hufuata mpango huo huo, iwe kwa betri nne za volti 12 au sita za volti 8. Amplifaya na redio za magari zimeundwa kwa volti 12. Fundi akiona betri ya volti 12 mbele yake, hushawishika kuchukua umeme kutoka hapo hapo. Spika hulia vizuri, mteja hulipa, na kila mtu huondoka ameridhika.

Desturi hii haikuanza na bajaji. Malori ya volti 24 yana betri mbili za mfululizo, na mafundi wengi wamezoea kuchukua umeme wa redio kutoka katika betri moja kati ya hizo. Dereva mzoefu atakuambia kwamba katika lori la namna hiyo betri moja hufa mapema, ingawa si kila mara atakueleza sababu yake.

Betri zilizoungwa kwa mfululizo ni kama watu wanne wanaopokezana ndoo kutoka kisimani. Ndoo zile zile hupita mikononi mwa kila mmoja, na kwa hiyo wote huchoka sawasawa. Ukimchukua mmoja wao usiku ukamtuma akapasue kuni, kesho yake yeye ndiye atakayeanguka, na akianguka ndoo hazitapita tena, hata kama wenzake watatu bado wana nguvu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kila betri ina uwezo wa ampea-saa 100, na amplifaya inavuta ampea 5 kwa muda wa saa 6. Hizo ni ampea-saa 30 kutoka katika betri moja. Siku hiyo hiyo mota ikatumia ampea-saa 50 kutoka katika betri zote. Jioni tatu zitakuwa zimetoa nusu ya uwezo wao, nayo ya nne itakuwa imetoa 80. Betri ya risasi na asidi haipendi kushushwa hivyo mara kwa mara.

Lakini madhara makubwa zaidi huja usiku, wakati wa kuchaji. Chaja haizijui betri moja moja; huona jumla ya volti tu. Betri ya namna hii huhesabiwa kuwa inakaribia kujaa inapofikia kama volti 14.4 ikiwa katika chaja, na nne kwa pamoja ni volti 57.6. Sasa, zile tatu zilizochoka kidogo zitatangulia kujaa, zipande hadi 14.8 kila moja, ilhali ya nne ingali katika 13.2. Msomaji na ajumlishe: jumla ni 57.6 kamili. Chaja itaamini kuwa kazi imekwisha. Betri tatu zimechemshwa kupita kiasi na kupoteza maji yake; ya nne imelala na njaa, na bamba zake zinaanza kushikwa na chembe ngumu za salfati ambazo baadaye haziondoki kwa urahisi. Hali hiyo ikirudiwa usiku baada ya usiku, haishangazi kuona seti nzima imeharibika kabla ya mwaka kwisha.

Dawa yake inajulikana. Ni kipunguza volti, ambacho mafundi wa mitaani hukiita konveta. Hufungwa kwenye ncha mbili za mnyororo mzima, kikapokea volti 48 na kutoa 12. Amplifaya ile ile inayotumia wati 60 itavuta, tukihesabu na upotevu wa asilimia 10 ndani ya konveta, ampea 1.4 tu kutoka katika betri zote. Kwa saa 6 kila betri itatoa kama ampea-saa 8 badala ya moja kutoa 30. Umeme haukupatikana bure, kwani jumla yake imezidi kidogo kwa sababu ya upotevu huo. Ila mzigo umegawanywa.

Hapa yafaa kumtahadharisha mnunuzi. Konveta za malori, zile za kutoka volti 24 kwenda 12, hazifai kabisa kwa kazi hii na zitaungua. Asome maandishi yaliyo juu ya kifaa ahakikishe kwamba kinastahimili volti 60 au zaidi, kwa maana betri zikiwa katika chaja hufikia karibu na hapo. Fyuzi nayo isisahauliwe, na iwe karibu na betri: nyaya zikigusana, betri hizi zinaweza kutoa mamia ya ampea kwa dakika moja, na bajaji ikawaka moto pamoja na turubai yake. Wenye betri za lithiamu wasithubutu kabisa kuchukua umeme katikati, maana watavuruga saketi inayolinda na kusawazisha seli zake.

Kuna na kero ya mlio. Kidhibiti cha mota hukata na kuunga mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na mitetemo hiyo hupenya katika amplifaya kupitia waya hasi wanaoutumia pamoja, spika zikatoa sauti kama ya mbu inayopanda kila dereva anapokanyaga mafuta (neno hili la mafuta tutabaki nalo, naona, hata petroli ikitoweka). Konveta ambayo upande wa kuingiza na wa kutoa haukuunganishwa kwa waya wowote huondoa sehemu kubwa ya kero hiyo.

Nina neno pia juu ya namba zinazobandikwa kwenye amplifaya. Kijana yule alijivunia yake iliyoandikwa wati 1000. Ili itoe wati 1000 kwa volti 12, ingehitaji zaidi ya ampea 83, na zile nyaya zake nyembamba zingeyeyuka. Amplifaya ya kawaida ya volti 12, isiyo na sehemu ya kuongeza volti ndani yake, ikiendesha spika ya omu 4, haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 hivi za sauti safi kwa kila upande. Namba hizo ni mapambo, na ningependa zipigwe marufuku dukani.

Asiyeamini kuwa wati 18 zatosha na ajaribu spika ya honi. Kwa wati moja honi nzuri huweza kuishinda spika ya sanduku kwa desibeli 15, na desibeli 15 ni sawa na kuzidisha nguvu zaidi ya mara 30. Muziki wake si mtamu, nakubali, lakini maneno husikika wazi. Tena uwanda wetu hauna majengo mengi ya kuzuia sauti. Masikio ya wagonjwa, wanafunzi na watoto wachanga yangefaidika kama tungepunguza.

Kuna sababu nyingine ya kunifanya nilipigie kelele jambo hili. Betri iliyokufa ni kilo nyingi za risasi zinazotafuta mahali pa kwenda. Huko Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu yaliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kila seti inayokufa kabla ya siku zake huongeza shehena hiyo.

Kwa maoni yangu, waingizaji wa bajaji za umeme wangepaswa kuweka tangu kiwandani tundu la volti 12 lenye konveta na fyuzi yake, kwa kuwa wanajua fika kuwa mnunuzi ataweka redio. Navyo vyuo vya ufundi stadi vimzoeze kila mwanafunzi kupima betri moja moja kabla ya kutoa hukumu. Mita ya kawaida yatosha.

Yule kijana alinunua betri moja tu, kwa kuwa fedha za nne hakuwa nazo. Nilimweleza kuwa mpya haipatani vema na kuukuu. Akanijibu kuwa watoto wake nao hawapatani na njaa. Konveta tuliifunga siku hiyo hiyo, na tumekubaliana kuzipima zote nne kila mwisho wa mwezi.